Kandambili ya kushoto na chupa ya vitamini

Mwanangu ndiye aliyegundua. Nilikuwa natoka bafuni kwenda sebuleni, nikapita mbele yake, akainua macho kutoka kwenye simu na kuniuliza, "Mama, kandambili nyingine iko wapi?" Nikatazama chini. Mguu wa kulia umevaa, wa kushoto uko peku. Nikarudi nilikotoka, nikaikuta imelala kwenye kizingiti cha bafu. Nilihesabu hatua: kumi na tatu. Hatua kumi na tatu nimekanyaga sakafu ya baridi kwa mguu mtupu, na mguu haukuniambia kitu.

Tulicheka. Yeye alicheka kweli, mimi nilicheka kwa kuwa yeye alicheka. Nina kisukari aina ya 2, huu ni mwaka wa tisa, na mtu mwenye kisukari akiona mguu umenyamaza hahitaji kuelezwa maana yake. Ganzi ilikuwa imeanza miezi kadhaa nyuma, vidoleni, kama soksi nyembamba niliyosahau kuivua. Usiku ile soksi ilikuwa inawaka moto, nyayo zikawa zinachoma, nikawa nalala miguu iko nje ya shuka. Nikajiambia ni sukari tu, ndiyo inayokula mishipa ya fahamu, na mimi siku zangu zimefika.

Binamu yangu aliposikia habari ya kandambili alikuja na chupa. Kubwa, ya rangi ya kahawia, ina picha ya moyo mwekundu uliokumbatia tone la damu, na chini yake ahadi mbili: kudhibiti sukari, kulinda moyo. Nikamuuliza kama daktari wangu atakubali. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanaruhusiwa. "Dada, hii ni vitamini tu. Vitamini haimdhuru mtu."

Nilimeza vidonge viwili kila asubuhi kwa wiki tano. Badiliko la kwanza nililiona chooni: mkojo ulikuwa wa njano kali, njano ya kalamu ile ya kupigia mstari maneno muhimu. Nilifurahi. Niliona dawa inafanya kazi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ile rangi ni ya vitamini B2, na kwamba nilichokuwa nakiona ni figo zikitupa nje kile mwili ulichokataa kukitumia.

Siku ya kliniki daktari aliuliza swali ambalo huwa analiuliza kila mara na mimi huwa nalijibu bila kufikiri: "Nje ya dawa tulizokupa, Mama, unatumia kitu kingine?" Mdomo ulishaanza kusema hapana. Vitamini si dawa, kwa nini niitaje? Lakini chupa ilikuwa kwenye mkoba, nikaitoa nikaiweka mezani. Akaigeuza, picha ya moyo ikaelekea kwangu, orodha ya viambato ikaelekea kwake. Maandishi yalikuwa madogo kiasi kwamba alitoa simu akayapiga picha ili ayakuze. Kisha akakaa kimya muda mrefu kuliko ninavyopenda daktari akae kimya.

Kitu cha kwanza alichokiwekea kidole kilikuwa nayasini, yaani vitamini B3, miligramu 500 kwa vile vidonge viwili vya siku. "Hii nani alikupa kwa ajili ya sukari?" Nikasema binamu. Akatabasamu, lakini si tabasamu la furaha.

Habari ya nayasini ni ya kweli, ndiyo maana inawanasa watu. Tangu mwaka 1955 madaktari wanajua kwamba ikitumiwa kwa dozi kubwa inashusha kolesteroli, na kwa miongo mingi ilikuwa dawa halali ya moyo. Inapandisha hata ile kolesteroli inayoitwa nzuri. Hesabu za maabara zilikuwa zinapendeza. Kisha likafanywa jaribio lililoitwa HPS2-THRIVE, watu 25,673 waliokuwa tayari na maradhi ya mishipa ya damu, kutoka Uingereza, nchi za Skandinavia na China. Nusu walipewa nayasini ya gramu mbili kwa siku pamoja na kitu cha kupunguza ule wekundu na joto la uso inaouleta, nusu wakapewa vidonge vitupu, vinavyofanana na vile lakini havina kitu ndani. Wote waliendelea na dawa zao za kushusha kolesteroli. Baada ya karibu miaka minne, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kwa kiwango cha maana. Kilichoongezeka ni kisukari. Waliokuwa hawana kisukari waligundulika nacho zaidi, na waliokuwa nacho sukari yao ilivurugika zaidi. Yaani kiambato kilichokaa chini ya maneno "kudhibiti sukari" kinajulikana kwa kuipandisha.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari langu la vipimo. Sukari ya asubuhi katika zile wiki tano ilikuwa imepanda kidogo juu ya kawaida yangu. Sitaapa kwamba ni nayasini, maana dozi yangu ilikuwa robo ya ile ya jaribio, na katika wiki hizo nilihudhuria harusi mbili. Lakini niliyatazama yale mapicha ya moyo kwa jicho jingine.

Vitamini E ilikuwepo, yuniti 400. Hii nayo ina historia ya kuumiza roho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tafiti za kufuatilia maelfu ya wauguzi na wataalamu wa afya zilionyesha kwamba wale wanaomeza vitamini E wanaugua moyo kidogo kuliko wenzao. Ilikuwa inaingia akilini: vitamini E huzuia mafuta ya kwenye damu yasiharibiwe na oksijeni, na mafuta yaliyoharibika ndiyo yanayoziba mishipa. Nani angepinga? Tatizo ni kwamba mtu anayenunua vitamini kwa hiari yake mara nyingi ndiye huyo huyo asiyevuta sigara, anayetembea jioni, anayekwenda kupimwa presha bila kusukumwa. Vidonge vinachukua sifa ya kazi iliyofanywa na tabia. Jaribio la HOPE liligawa watu 9,541 kwa kura, yuniti 400 za vitamini E kwa hawa na vidonge vitupu kwa wale, na zaidi ya theluthi yao walikuwa na kisukari kama mimi. Majibu yalitoka mwaka 2000: hakuna tofauti. Walipoendelea kufuatiliwa, taarifa ya mwaka 2005 ikaonyesha kwamba waliomeza vitamini E walipata moyo kushindwa kusukuma damu mara nyingi zaidi.

Mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa ushauri wa kinga ya magonjwa liliandika wazi kwamba vitamini E isitumike kwa lengo la kuzuia maradhi ya moyo au saratani. Beta-karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, pia isitumike, maana kwa wavuta sigara iliongeza saratani ya mapafu badala ya kuipunguza. Hiyo ya mwisho iligunduliwa Ufini mwaka 1994, na waliokuwa wakiongoza utafiti walitegemea kinyume chake kabisa.

Sasa kuhusu vitamini D, ambayo kila mtu ananiuliza, nitasema kwa haki. Mtu mwenye upungufu wa D anahitaji D, mifupa na misuli yake inaihitaji, hapo hakuna mjadala. Kwa sukari, jaribio kubwa lilifanywa kwa watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, yuniti 4,000 kila siku kwa wastani wa miaka miwili na nusu. Matokeo ya mwaka 2019: kati ya waliopewa vitamini, 293 walipata kisukari, kati ya waliopewa vidonge vitupu, 323. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Mwaka 2023 majaribio matatu ya aina hiyo yalijumlishwa pamoja na hatari ikaonekana kupungua kwa asilimia 15. Si bure, ila ilinganishe na jaribio la mwaka 2002 ambapo watu wa namna hiyo hiyo walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki: hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Na kwa moyo, jaribio la VITAL la watu 25,871 halikuona vitamini D ikizuia mshtuko wala kiharusi. Mimi nilishavuka ukingo miaka tisa iliyopita, kwa hiyo hata ile asilimia 15 hainihusu.

Kilichomtisha daktari hasa kilikuwa kitu ambacho mimi nilidhani ni cha nywele na kucha. Biotini, mikrogramu 10,000. Mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku. Haina sumu, alisema, mwili unaitupa. Lakini mashine nyingi za maabara hutumia biotini kama gundi ndani ya kemikali zake za kupimia, na damu iliyojaa biotini inaivuruga gundi hiyo. Kipimo kimoja kinasoma juu kuliko ukweli, kingine kinasoma chini. Miongoni mwa vinavyoweza kusoma chini ni troponini, kile kinachopimwa mtu akifika hospitali ameshika kifua, ili ijulikane kama misuli ya moyo inakufa. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo, ikataja mgonjwa aliyefariki baada ya troponini yake kusomeka chini isivyo kweli. Chupa yenye picha ya moyo ilikuwa inaweza kumficha daktari moyo wenyewe.

Mengine aliyapitia harakaharaka. Vitamini C ya gramu moja inaweza kuvidanganya baadhi ya vile vitambuzi vya sukari vinavyobandikwa mkononi, vikasoma juu kuliko sukari ilivyo, na mtu wa insulini akijidunga kwa kufuata namba ya uongo anaweza kuzimia. Vitamini K ingenihusu kama ningekuwa natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maana mbili hizo zinavutana kamba. Aliniuliza pia kama napewa dawa ya kukojoa, kwa sababu wagonjwa wa moyo wanaotumia furosemaidi kwa muda mrefu hupoteza vitamini B1 kwenye mkojo, na moyo usio na B1 huchoka. Situmii. Akaendelea.

Kisha akafika mwisho wa orodha, akarudi juu, akaisoma tena. "Ina asidi ya foliki, mikrogramu 800," alisema. "B12 haimo."

Nikasema nadhani si muhimu sana.

"Metfomini umeitumia miaka mingapi?"

"Tisa."

"Dozi ileile, gramu mbili? B12 umewahi kupimwa?"

Sijawahi. Wala sikujua kwamba kuna uhusiano kati ya B12 na metfomini, dawa yangu ya sukari, ingawa uhusiano huo unajulikana kwa miongo mingi. B12 ina safari ndefu kuliko vitamini nyingine yoyote. Inatoka kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa; asidi ya tumboni inaiachanisha na chakula; inashikwa na protini inayotengenezwa na tumbo lenyewe; kisha inasindikizwa hadi karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, na kule ndiko inakopokelewa, kwa msaada wa kalisiamu. Metfomini inaonekana kuvuruga mapokezi hayo ya mwisho. Dawa za kupunguza asidi zinaharibu mwanzo wa safari. Mtu anayetumia zote mbili, kama nilivyokuwa mimi kwa kiungulia, anakwama kote kuwili.

Na ubaya wake ni kwamba haitangazi. Ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo unaishi kwenye akiba bila kujua kwamba mshahara ulishakatwa. Uholanzi walifuatilia watu 390 wenye kisukari kwa miaka zaidi ya minne, nusu wakiwa kwenye metfomini, nusu kwenye vidonge vitupu. Taarifa yao ya mwaka 2010 ilionyesha B12 ikishuka kwa asilimia 19 kwa wale wa metfomini, na ilikuwa ikizidi kushuka kadiri muda ulivyokwenda. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliita upungufu huo athari ya kawaida ya metfomini, hasa kwa dozi kubwa na matumizi ya muda mrefu. Chama cha Kisukari cha Marekani nacho kinashauri watu wa metfomini wapimwe B12 mara kwa mara, hasa wenye ganzi au upungufu wa damu.

Ganzi, kuchoma kwa nyayo, mguu usiosikia: hayo ndiyo sukari inayoyafanya kwa mishipa ya fahamu. Na hayo hayo ndiyo yanayofanywa na upungufu wa B12. Mgonjwa wa kisukari akilalamika ganzi, yeye mwenyewe na mara nyingine hata anayemtibu humalizia sentensi kabla haijaisha. Ile asidi ya foliki nayo ilikuwa inaweza kuongeza giza, kwa kuwa inarekebisha damu ionekane nzima huku mishipa ikiendelea kuharibika chini kwa chini. Hata kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu kinaweza kusoma juu isivyo kweli mtu akikosa B12, kwa sababu chembe nyekundu mpya zinachelewa kutoka na za zamani zinakaa na kujipaka sukari zaidi.

Aliniambia niiache chupa, niendelee na metfomini kama kawaida, nirudi baada ya siku kadhaa biotini ikishatoka ndipo nitoe damu. Karatasi ilisema pikogramu 131 kwa mililita. Maabara ile huhesabu chini ya 200 kuwa ni upungufu.

Sindano ya kwanza niliitazama kwa sababu ya rangi. Nilitegemea maji meupe. Kilichokuwa ndani ya bomba kilikuwa chekundu, chekundu safi, kama mtu kakamua tunda. Nesi alisema wagonjwa wengi hushtuka wakidhani ni damu. Ni kobalti, B12 ndiyo vitamini pekee iliyobeba chembe ya madini hayo katikati yake, na umbo lake ni tata kiasi kwamba mwanakemia Dorothy Hodgkin alilifumbua mwaka 1956 kwa kuipiga fuwele yake miale ya eksirei, na mwaka 1964 akapewa Nobel.

Kuna hadithi nyingine ya B12 niliyoisoma usiku ule na sijaacha kuifikiria. Kabla haijatambulika, kulikuwa na ugonjwa wa upungufu wa damu uliokuwa unaua bila huruma. Mwaka 1926 madaktari George Minot na William Murphy, huko Boston, walieleza jinsi wagonjwa 45 walivyopata nafuu kwa kulishwa maini kwa wingi kila siku. Ndani ya maini kulikuwa na B12, ingawa ilibidi kusubiri hadi mwaka 1948 ipatikane yenyewe. Minot alikuwa na kisukari. Kiligunduliwa mwaka 1921, wakati ambapo tiba ilikuwa kujinyima chakula na kusubiri. Insulini ilikuwa inatafutwa Kanada mwaka huohuo, naye akaanza kudungwa mwanzoni mwa 1923. Insulini ingechelewa miaka michache, huenda maini yale yasingepata mtu wa kuyafuatilia. Nilimsimulia nesi siku ya sindano ya tatu. Akasema, "Basi na yeye alikuwa mwenzako," akanibandikia pamba.

Nilidungwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki kadhaa, kisha zikawekwa mbalimbali. Nimeona nafuu, lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimepata muujiza. Kuchoma kwa usiku kulipungua mwezi wa pili, nikarudisha miguu ndani ya shuka. Ganzi ya mguu wa kulia imerudi nyuma hadi ncha za vidole na kubaki hapo. Wa kushoto ni mkaidi. Daktari anaona sehemu ya ganzi hiyo ni ya sukari yenyewe, si ya B12, na sehemu hiyo haitarudishwa na sindano ya rangi yoyote. Ameniandikia pia dawa ya kolesteroli niliyokuwa naikwepa kwa mwaka mzima kwa sababu niliisikia vibaya, mimi huyo huyo niliyemeza vidonge viwili kutoka chupa isiyo na jina la mtengenezaji bila kuuliza.

Binamu nilimweleza yote. Alisikiliza, akauliza kama basi anitafutie chupa ya B12. Nikamwambia sindano zinatosha. Akauliza kama na yeye apimwe, maana anatumia metfomini mwaka wa sita. Miaka yote hiyo hakuniambia.

Chupa bado ipo kwenye kabati, nusu. Kandambili ya kushoto ilinivuka mguuni tena wiki iliyopita, palepale kizingitini. Nilikwenda hatua nne, labda tano, kisha nikahisi kitu pembeni mwa kidole gumba, si baridi hasa, ni kama habari ya baridi inayotoka mbali. Nikasimama. Mwanangu hakuwepo kuuliza.